Hotuba Elekezi Kuhusu Darubini ya Kambini, Kutoka kwa Bingwa Ambaye Hakualikwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa chama cha wapiga kambi, waheshimiwa wajumbe, madereva, wapishi, na wewe kijana unayechoma mahindi huku umenipa mgongo: itifaki imezingatiwa. Najua ratiba inasema huu ni wasaa wa chai. Lakini elimu ninayoileta hapa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro haijapata kutolewa, na mtoaji pekee mwenye sifa ni mimi. Shahada zangu nimejitunuku mwenyewe, baada ya mtihani mgumu niliousimamia mwenyewe kwa ukali mkubwa.

Nimepenyezewa habari kwamba mmechangishana ili chama kinunue darubini ya kubeba safarini, na kwamba mweka hazina ameshalipenda boksi moja dukani lililoandikwa kwa herufi za dhahabu: MARA 525. Mweka hazina, simama wakuone. Asante. Kaa chini ujifikirie.

Hebu tulipasue boksi hilo kitaalamu. Ndani mna bomba jembamba, na mbele yake lenzi yenye upana wa milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Mna vilenzi vya kuchungulia, kimoja cha milimita 4, na kipande cha plastiki cha kuzidisha ukuzaji mara 3. Gawanya 700 kwa 4, unapata 175. Zidisha kwa 3, unapata 525. Kwa hiyo boksi halijasema uongo, waheshimiwa. Limenyamazia ukweli, ufundi ambao mimi mwenyewe nauheshimu. Ukweli wenyewe ni kwamba ukuzaji wenye faida haupiti sana mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita. Milimita 60 zitakufikisha mara 120, tena usiku ambao hewa imetulia. Kutoka hapo hadi 525 hukuzi sayari, unakuza ukungu. Utamwona Mshtarii, ambaye vijana mnamwita Jupita, mpana kama chapati na hana alama yoyote zaidi ya chapati, na kila atakayechungulia ataguna kwa adabu tu.

Galileo, mtangulizi wangu, aliiona miezi minne ya Mshtarii mwaka 1610 kwa chombo kilichokuza mara 20 hivi. Boksi la mweka hazina limemzidi zaidi ya mara 26, kwa maandishi.

Andikeni: anayenunua darubini ananunua upana. Nuru inayokusanywa hukua kwa mraba wa upana huo, hivyo kioo cha milimita 130 hukusanya zaidi ya mara 3 ya lenzi ya milimita 70, ingawa pale dukani vyote viwili vinaonekana ndugu. Mboni ya kijana iliyozoea giza hufunguka milimita 7 hivi; kioo cha 130 kinaizidi zaidi ya mara 340. Mboni ya Mwenyekiti, kwa heshima ya umri wake, haifiki 7, kwa hiyo yeye atafaidi kuliko sisi sote. Naomba makofi kwa Mwenyekiti.

Sasa tuje kwenye stendi, ambako pesa za wanyonge hupotelea. Muuzaji atakutolea stendi ya ikweta: ina mhimili ulioinama, duara za digrii, visukani viwili na chuma kizito cha kusawazisha. Inapendeza mno. Ukiiweka sebuleni wageni hudhani mwenye nyumba ni msomi, na ndiyo sababu mimi ninayo sebuleni. Lakini kitabu chake cha maelekezo huanza kwa kukutaka uelekeze mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Ni ushauri mwema kwa mkazi wa London. Sisi hapa tuko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho mwaka mzima; labda uitafute kwa jembe. Ncha ya kusini ya anga nayo iko digrii 3 tu juu ya upeo, nyuma ya miti ile, wala haina nyota angavu ya kuitambulisha. Ukisema utalazimisha, mhimili itabidi ulale karibu sambamba na ardhi. Stendi nyingi haziinami kiasi hicho, na inayoinama, chuma chake kinagonga mguu wa stendi yenyewe. Nimemshuhudia mtu mzima akikisukuma kwa goti usiku wa manane, huku anamlaumu Mchina.

Dawa ililetwa na mtawa. John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915, aliishi utawani huko San Francisco, akawa anasaga vioo vya darubini kutoka kwenye vioo vinene vya madirisha ya meli. Mabomba yake yalikuwa ya karatasi ngumu. Bomba likikamilika aliliweka kwenye kisanduku cha mbao kinachozunguka kushoto na kulia, bomba lenyewe likiinuka na kuinama, basi. Hakuna mhimili wa kutafuta wala duara za digrii. Darubini hizo zilimgombanisha na wakubwa wake, na mwaka 1967 akaondolewa utawani. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaanzisha kundi la kuwaonyesha wapita njia nyota pale pale barabarani. Mimi pia nimeondolewa sehemu kadhaa, kwa hiyo Dobson na mimi tunaelewana.

Wajukuu wa kisanduku hicho ni darubini fupi za mezani, na hapo ndipo pesa ya mpiga kambi inapopaswa kwenda. Chukua mfano wa Sky-Watcher Heritage 130P: kioo cha milimita 130, fokasi ya milimita 650, uzito wa kilo 6 hivi, na bomba linalosukumwa likajikunja, likakaa nyuma ya gari kati ya jiko la gesi na magodoro. Vilenzi vyake viwili, cha 25 na cha 10, vinakupa mara 26 na mara 65. Maandishi hayo hayavutii hata kidogo, lakini kwa mara 65 pete za Zohali zinaonekana bila mtu kushikwa kichwa na kuambiwa "angalia vizuri". Kwa anayesafiri kwa basi ziko ndogo za milimita 76 zinazoingia kwenye begi la mgongoni. Zipe Mwezi na makundi ya nyota, usizilazimishe kukuza. Jihadhari na bomba la nusu mita lililoandikwa fokasi ya milimita 1000. Urefu huo umepatikana kwa lenzi iliyofichwa shingoni, na mara nyingi ni lenzi duni. Rudisha kwenye rafu, ondoka bila kugeuka.

Naam, mkono ule. Mama mpishi anauliza: kama ni ya mezani, meza iko wapi? Swali la kawaida, halina usomi wowote, ila nitalijibu. Meza zetu za kukunja hazifai. Mtu akiweka kikombe tu, Zohali anacheza. Boneti ya gari haifai, kwa kuwa injini iliyotoka safari inapandisha hewa ya moto na picha inachemka. Mimi nilikusudia kupendekeza kreti ya soda iliyopinduliwa... Unasemaje, mama? Pipa la maji likijaa halitikisiki? Kama nilivyokuwa karibu kusema kabla sijakatizwa, pipa la maji lililojaa, na ubao wa kukatia nyama juu yake, ndilo pendekezo langu la kisayansi. Ubao uoshwe kwanza.

Jambo jingine ni barabara. Kuanzia hapa kushuka kuelekea Serengeti gari linatetemeka mpaka boliti zinaimba, na kioo ndani ya darubini kinasogea kwenye nafasi yake. Jifunze kusawazisha vioo mchana, nyumbani, ukiwa na subira. Si kambini ukiwa na watoto wanaopanga foleni. Anayeogopa kazi hiyo anunue darubini fupi ya lenzi, ya milimita 70 au 80, isiyodai usawazishaji wa mara kwa mara, akubali kupungukiwa nuru na kuona ukingo wa zambarau kuzunguka vitu vinavyong'aa.

Ukingo huu uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Baridi mmeshaionja, na ukungu huja bila hodi. Toeni darubini nje nusu saa kabla ya kuitumia ili kioo kipoe sawa na hewa, na kikipata umande kisifutwe kwa kanga wala kwa shati. Kiacheni kikauke chenyewe. Macho nayo yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza, na simu moja ya mjumbe mmoja inatosha kuifuta nusu saa hiyo kwa kambi nzima. Funikeni tochi kwa karatasi nyekundu ya zawadi. Msiniulize kuhusu mfuko mwekundu wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2019 na mimi ni raia mwema. Wala asitoke mtu kwenda gizani nje ya kambi kutafuta anga nzuri zaidi. Fisi hawajali upana wa kioo chako.

Safari ipangwe mwezi ukiwa umeandama au umekatika, si mbalamwezi, ambayo huzima kila kitu isipokuwa mapenzi. Juni jioni, baada ya giza kukolea, tazameni kusini: pale juu ya Msalaba wa Kusini, kushoto kidogo, kuna doa la ukungu liitwalo Omega Centauri. Kwa kioo cha 130 doa hilo linaanza kupasuka kuwa vumbi la nyota, nalo lina nyota zinazokadiriwa kufikia milioni 10. Mkazi wa London, pamoja na stendi yake ya ikweta, hawezi kuliona kutoka kwao hata akipanda juu ya paa. Wenye akili walishaijua thamani ya ikweta: setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali-eksi ya angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Mimi sikushirikishwa. Nimelichukulia hilo kama usahaulifu.

Mchango usipotosha, msinunue darubini mbovu kwa ajili ya kutimiza azimio la kikao. Nunueni darubini ya macho mawili ya 10x50. Inamfuata twiga mchana na miezi ya Mshtarii usiku, mradi viwiko viegemee kitu, nayo haina cha kusawazishwa kila jioni. Kwa anayepanda mlima kwa miguu, hiyo ndiyo hukumu yangu hata kama pesa anazo.

Jambo la mwisho nalisema bila ubingwa. Ukikuta ndani ya boksi kichujio kidogo cheusi cha kutazamia jua, kile cha kufungwa kwenye kilenzi cha kuchungulia, kivunje ukitupe. Kinakaa pale pale joto linapokusanyika, kinaweza kupasuka ghafla, na jicho huungua bila maumivu ya kulionya. Kichujio salama ni kinachofunika mdomo wote wa mbele wa darubini. Usipokuwa nacho, darubini ifungwe vifuniko vyake na iingizwe garini kabla ya alfajiri, na mtoto asiachwe nayo peke yake mchana, hata kwa dakika moja.