Ngeli za Kulia Palermo

Mgeni akiuliza mjini Palermo, makao makuu ya kisiwa cha Sicily, ni wapi atapata chakula cha wenyeji, mara nyingi hutajiwa jina la mgahawa. Kitaaluma jibu hilo halina mashiko. Linachukulia kwamba chakula kwao ni chini ya paa, ilhali ushahidi wa mji mzima unasema vingine. Makala haya yanapendekeza kanuni ambayo hadi sasa haijapingwa na yeyote isipokuwa wenye migahawa: huko Palermo, kadiri kuta zinavyopungua ndivyo chakula kinavyozidi kuwa cha asili. Kwa hiyo maakuli ya mji huu hayapangwi kwa bei wala kwa nyota. Yanapangwa kwa ngeli, na ngeli hutambulika kwa mkao wa mlaji.

Tuwape haki waliotutangulia. Mwanajiografia Ibn Hawqal alifika Palermo mwaka 973, Waislamu wakiwa wameushika mji tangu 831. Alisifu wingi wa misikiti, kisha akawageukia walaji. Alidai hapakuwa na mtu, mkubwa kwa mdogo, asiyekula vitunguu vibichi kila siku, asubuhi na jioni, na kwamba vitunguu hivyo ndivyo vilivyowaharibu akili. Kasoro ya utafiti wake ni ya kimbinu: kama wote walikula, alimlinganisha nani na nani? Karibu karne mbili baadaye mambo yalitengenea. Al-Idrisi, akiandika kwa hisani ya mfalme Mnorman Roger wa Pili, alikamilisha mwaka 1154 kitabu kinachoeleza jinsi tambi zilivyotengenezwa Trabia, karibu na Palermo, na kupakiwa merikebuni hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hichohicho kinataja Malindi na Mombasa. Msomaji wa pwani yetu anayeona habari za Palermo hazimhusu ajue alikwisha kuandikwa huko, jalada moja na tambi.

Ngeli ya kwanza, na iliyo kuu, ni ya Wima. Hapa mlaji husimama, miguu kaitanua kidogo na kifua kakisogeza mbele ili mafuta yadondoke chini, yasidondoke shatini. Mfano wake halisi ni pani ca meusa, mkate wa bandama. Bandama na mapafu ya ndama huchemshwa, hukatwa vipande vyembamba, kisha hutiwa kwenye sufuria pana iliyolazwa upande, shahamu ya nguruwe ikichemka upande wa chini na nyama ikingoja zamu upande wa juu. Muuzaji huteka vipande kwa uma, huvikamua shahamu ukingoni mwa sufuria, huvijaza kwenye mkate laini wa mviringo wenye ufuta, halafu humuuliza mteja swali ambalo mahali pengine lingeulizwa na kadhi: ameoa au hajaoa? Swali linauhusu mkate. Mkate mseja hutiwa chumvi na limau tu. Mkate uliooa huongezewa jibini laini la ricotta na caciocavallo iliyoparwa. Mwandishi huyu anaunga mkono useja. Ndoa hiyo huficha ladha ya bandama, na anayetaka kuificha angeagiza kitu kingine tangu mwanzo. Asili ya chakula hiki husimuliwa hivi: wachinjaji Wayahudi wa Palermo walikatazwa na dini yao kupokea fedha kwa kuchinja, wakalipwa matumbo na viungo vya ndani, wakaviuza. Amri ya kuwafukuza Sicily ilitoka mwaka 1492. Wao waliondoka, kazi ikabaki mikononi mwa Wakristo, na hapo ndipo shahamu ya nguruwe ilipopata nafasi ya kuingia sufuriani.

Chini ya Wima kuna vingeli, na kinachosumbua kuliko vyote ni frittola. Muuzaji wake husimama sokoni, mfano Ballarò, akiwa na kapu lililofunikwa kitambaa. Ndani mna mabaki ya ndama, yaani gegedu, mafuta na vinofu vilivyokwanguliwa mifupani, ambayo yamechemshwa, yakakaangwa na kutiwa viungo. Lakini tamko hilo ni la nadharia tu, maana mteja haoni kitu. Muuzaji hupenyeza mkono chini ya kitambaa, huchota, huweka kwenye karatasi, hufunika tena. Kapu halifunuliwi kwa rafiki, kwa mtafiti wala kwa mpwa wa muuzaji. Wanafalsafa wanaotafuta mfano wa kitu kinachojulikana kwa athari zake pekee waache kuhangaika vyuoni.

Stigghiola ni kinyume chake. Hiyo hujitangaza kwa moshi. Ni utumbo wa mwanakondoo au mwanambuzi uliozungushwa juu ya kitunguu kibichi cha majani, ukachomwa juu ya mkaa pembezoni mwa barabara, ukakatwakatwa na kunyunyiziwa chumvi na limau. Anayeitafuta hahitaji ramani, afuate wingu. Na Ibn Hawqal atambue kwamba kitunguu bado kipo, safari hii kimevishwa nguo.

Kingeli kinachotembea ni sfincione, mkate mnene wenye nyanya, vitunguu, dagaa wa chumvi na jibini. Huzungushwa mitaani kwa Ape, kigari cha magurudumu matatu ambacho kampuni ya Piaggio ilianza kukiunda mwaka 1948. Huyo ndiye babu wa bajaji zetu, kwani Bajaj wa India walianza kazi hiyo kwa leseni ya Piaggio. Kipaza sauti hurudia sauti ileile iliyorekodiwa, na mwito wa jadi wa wachuuzi hawa hukiri kwa mzaha kwamba bidhaa ina mafuta kidogo na vumbi tele. Huo ni unyofu ambao sijauona kwenye tangazo lolote la chakula lililolipiwa.

Msomaji asiyekula nguruwe ataona ngeli ya Wima imemtega, basi ashike njia ya panelle: vipande vyembamba vya unga wa dengu vilivyokaangwa kwa mafuta mengi, ndugu wa bajia ya dengu bila pilipili, vinavyobanwa katikati ya mkate. Akitaka zaidi, yuko pweza wa kuchemsha, anayekatwa mbele yake na kuliwa papo hapo kwa limau.

Ngeli ya pili ni ya Waliokaa. Hapa kuna meza, kitambaa, na kitozo cha kukalia kiitwacho coperto, ambacho kinathibitisha kanuni yetu: kuta hulipiwa. Migahawa ya kawaida ya Palermo, yaani trattoria, ina somo moja zito, nalo ni sayansi ya kujifanya. Matajiri walikula ndege wadogo waitwao beccafico. Maskini wakachukua sardini, wakazijaza chembe za mkate, zabibu kavu na mbegu za msonobari, wakaziacha mikia juu kama ndege, wakaziita sarde a beccafico. Boga likikaangwa na kutiwa siki, sukari na nanaa huitwa ini. Biringanya zilizochanwachanwa huitwa kware. Kilele cha elimu hii ni pasta con le sarde, tambi za sardini, shamari mwitu na zafarani, ambazo zina toleo lisilo na sardini hata moja. Toleo hilo huelezwa kwamba sardini wake bado wako baharini. Haiwezekani kulikanusha.

Ngeli ya tatu, ya Mabwana, ilitokana na monzù, wapishi wa majumba ya makabaila waliofunzwa Kifaransa. Imebaki zaidi vitabuni. Giuseppe Tomasi di Lampedusa aliihifadhi katika Il Gattopardo, riwaya iliyotoka 1958, na mkate wake wa makaroni umewashibisha wahakiki wengi kuliko walaji.

Ngeli ya nne ni ya Walioitwa. Dalili zake: picha za vyakula mlangoni, lugha sita kwenye orodha, na kijana anayekuvuta mkono barabarani. Tumeichunguza kwa mbali.

Kuna kigezo cha tano ambacho hakihusu mkao, nacho si cha mzaha. Biashara nyingi Palermo zimelipa pizzo, kodi ya mafia. Libero Grassi, mwenye kiwanda cha nguo, alikataa hadharani na akauawa tarehe 29 Agosti 1991. Mwaka 2004 vijana walibandika vibandiko mitaani kupinga malipo hayo, wakaanzisha Addiopizzo, na leo kibandiko chake mlangoni kinamaanisha fedha ya mlaji haiendi huko. Antica Focacceria San Francesco, iliyofunguliwa 1834 na inayouza mkate wa bandama ndani ya kuta, ilikuwa na mmiliki, Vincenzo Conticello, aliyemtambua mahakamani mtu aliyemtoza. Kanuni yetu ya kuta hapa inavunjika, na ivunjike.

Inavunjika pia kila Desemba 13, sikukuu ya Mtakatifu Lucia. Masimulizi husema mwaka 1646, njaa ikiwa kali, meli ya ngano ilitia nanga siku hiyo, na watu wakachemsha nafaka bila hata kuisaga. Tangu hapo Wapalermo siku hiyo hawagusi mkate wala tambi. Hula arancina, donge la wali lililojazwa nyama au siagi na kukaangwa, wakiwa wima, wamekaa, wanaendesha gari. Ni la mviringo. Wa Catania, upande wa pili wa kisiwa, hulichonga kama mlima na kuliita arancino, na mwaka 2016 Accademia della Crusca, baraza la lugha ya Kiitaliano, lililazimika kutoa maoni. Lilikubali majina yote mawili. Palermo inaendelea kula donge la mviringo, na Catania haikuombwa radhi.