Chupa Zangu Zimetemwa

Mama, Baba Mdogo, na wewe kaka unayevaa koti langu bila ruhusa,

Nawasalimu kutoka Hamburg, ambako jana mashine iliniaibisha mbele ya umati.

Huku chupa ya plastiki ya maji au soda kwa kawaida unailipia senti 25 juu ya bei, zaidi ya shilingi 30, na ukiirudisha tupu unapewa pesa yako. Walianza Januari 2003. Kwetu hilo si geni: nenda kwa yule mama wa duka pale Nyalenda bila chupa wala pesa ya chupa, soda utainywea hapo hapo dirishani huku akikukodolea macho. Ila yule mama daftari lake liko kichwani. Anajua chupa ipi iko kwa nani, na nani ana deni la mkate tangu Pasaka. Huku wamemwondoa mama, wakaacha tundu ukutani.

Tundu lenyewe ni la mviringo, upana wa sufuria ya chai. Unailaza chupa, makalio mbele. Mkanda unaivuta ndani, inazungushwa kama kuku wa kuchoma mpaka mashine iione alama iliyo ubavuni. Ikiridhika, hesabu inapanda. Ukimaliza unabonyeza kitufe, unatemewa kikaratasi, unampelekea keshia. Hakuna wa kukuuliza kama watoto wameamka salama.

Mimi nilikuwa na chupa 32, mavuno ya miezi miwili. Na kwa kuwa aliyepanda matatu za Kondele hafundishwi kupanga mzigo, nilizikanyaga zote zikawa bapa kama chapati, zikaenea kwenye mfuko mmoja. Nikajiona injinia. Mashine ikaivuta ya kwanza, ikaizungusha, ikaitema. Ya pili, ikaitema. Ya tatu ikaitema upesi zaidi, kana kwamba sasa imeshanijua. Foleni ikarefuka nyuma yangu. Foleni ya huku haipigi kelele. Inahema tu shingoni mwako.

Ndipo akajitokeza mzee wa ghorofa ya pili. Miezi saba tunapishana kwenye ngazi, na kila nikimsalimu huitikia kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki ngege. Akaichukua chupa yangu, akaipangusa mdomo kwa leso, akapuliza. Puu! Ikatuna. Akaiingiza, ikapokelewa. Akanikabidhi nyingine, akanionyesha kwa kidevu: haya, puliza. Basi tukasimama pale, wanaume wawili wazima, mashavu yamevimba kama ya bendi ya matanga kule Seme.

Kufikia chupa ya ishirini, mzee alikuwa ameshanieleza magoti yake, marehemu mkewe, na mwanawe aliye Kanada ambaye hupiga simu Krismasi. Salamu zangu za miezi saba hazikumfungua. Alichohitaji ni kuniona nimekwama kwenye jambo analolijua. Nadhani wengi wetu tuko hivyo: tunampenda jirani zaidi siku anapotupa nafasi ya kumfundisha.

Na mimi nikataka kumfundisha. Nikamwambia Kenya tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017, faini hadi shilingi milioni 4 au jela miaka minne. Mzee akavua kofia. Sikumwambia kinachoelea kwenye mitaro yetu mvua ikinyesha. Mtu akivuliwa kofia ugenini, haongezi maelezo.

Nikaenda na yuro zangu 8 kwenye friza. Nani nikamkuta? Samaki wetu mbuta! Minofu mitupu, bila kichwa wala mkia, na amebatizwa jina la ziwa: Viktoriabarsch. Yule yule aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, akawala wenyeji, akanona, akapata visa kabla yangu. Mifupa yake tumeila miaka yote. Ndiyo mgongo wazi wa akina mama wa Obunga, kitoweo cha mwisho wa mwezi. Kumbe nyama ilikuwa ikinisubiri huku. Na yeye hakuna aliyemwekea pesa ya chupa ili arudishwe. Nikasimama nikimtazama mpaka friza ikaanza kulia kwa kuachwa wazi. Nikaifunga haraka, watu wasije wakadhani ni mimi.

Leo ni Jumapili. Najua sokoni Kibuye watu wanakanyagana. Huku maduka yamefungwa, na hata chupa ya kioo huruhusiwi kuitumbukiza kwenye pipa lake mtaani, maana italia. Kwa hiyo nimekaa kimya, nikawaza.

Mama, nimemkumbuka yule ng'ombe uliyemuuza, na ile harambee ya tiketi. Kumbe nanyi mliniwekea pesa ya chupa. Mwaka wa kurudi sitautaja, nisije nikasema uongo Jumapili. Ila mjue huenda nikafika nimekuwa bapa kidogo. Baridi na zamu za usiku zinakanyaga. Msiniteme. Nipelekeni Dunga, nipeni ngege mzima na kichwa chake, mnipulize polepole.

Kaka, baki na koti. Wepesi ule, huku lingekuwa shati.

Wenu,
Injinia wa chupa