Joto la Upande Mmoja

Jumatatu
Mvua imenyesha tangu alfajiri. Paa la jiko la nje linavuja palepale tunapoegemeza gunia la makaa, na makaa yote yameloa. Makaa mabichi yana moshi mwingi na joto dogo, na vifaranga wana siku moja tu duniani. Nimewatenga na mama zao ili matetea warudi kutaga mapema, kwa hiyo joto la mbawa sasa linadaiwa kwangu. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35, halafu unampunguzia kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yamfunike. Kabla ya hapo mwili wake haujaweza kujipasha moto vya kutosha. Yaya amenipa makaa makavu, beseni zima, akaniambia: "Nirudishie beseni kabla ya saa sita, ndimo ninamooshea mchele." Limerudi saa tano.

Jumanne
Mpwa wangu amefika kutoka Kindu na kipimajoto nilichomwagiza. Ni kile cha homa, cha kutia kwapani. Kinaanzia nyuzi 35 na kuishia 42, na chini ya 35 hakionyeshi kitu. Muuzaji alimwambia vipimajoto vyote ni sawa. Nimekiweka kwenye kabati la dawa, kwa kuwa malaria haikosi nyumbani.

Hata kingekuwa cha kufaa, kingepima mahali kilipowekwa tu, na kifaranga hatulii mahali pamoja. Vifaranga wenyewe wanasema zaidi. Wakirundikana kwenye chungu cha makaa huku wakilia kwa sauti ya juu, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingo wa mkeka unaowazunguka, midomo wazi na mabawa yameachana na mwili, joto limezidi. Wakijibana wote upande mmoja, tafuta upepo unapoingilia. Wakitawanyika, huyu anadonoa, yule amelala kifudifudi, usiguse kitu. Usiku huu wametawanyika.

Jumatano
Jirani yetu fundi wa paneli za jua, mtu mwema sana, ameleta betri na taa ya ledi, hakutaka malipo. Taa ikawaka nyeupe. Vifaranga wakaufuata mwanga, wakakiacha chungu, wakajikusanya chini ya taa wakitetemeka. Balbu za zamani zenye uzi ndani ziligeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, ndiyo maana wafugaji walizipenda. Hizi mpya zimetengenezwa zisipoteze umeme hivyo, na kwa nyumba zetu hilo ni jema. Nimemshukuru, nikamwomba taa ihamie kwenye meza ya watoto wanaosoma. Amekubali, akaipigilia msumari yeye mwenyewe.

Alhamisi
Shemeji amekuja na wageni kutoka Kabambare. Mbabula moja ya makaa ilikuwa na sombe, na ya pili, ile inayowasha makaa ya chungu, ikachukuliwa kwa bugali. Mgeni lazima ale. Ilipofika magharibi chungu kilikuwa kimepoa na kelele zimeanza. Mama mkwe hakusema neno. Aliokota matofali mawili ya kuchoma nyuma ya nyumba, akayaweka kando ya moto wa bugali mpaka yakaiva, akayafunga kwenye magunia makavu, akayafukia chini ya makapi ya mpunga. Joto likakaa mpaka usiku wa manane, bila moshi wowote. Makapi hayapitishi joto upesi. Hapa kwetu yapo bure kwenye kila mashine ya kukoboa, maana mpunga uko Maniema tangu watu wa pwani walipojenga Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Naona ajabu kwamba tunayachoma moto kando ya barabara.

Ijumaa
Nilipoinua ukingo wa mkeka kubadilisha makapi, nyoka mwembamba wa kahawia alikuwa amejikunja juu ya gunia la tofali. Vijana walikuja na mapanga, lakini alikuwa ameshaingia migombani. Vifaranga wote wapo. Mama mkwe anasema alifuata panya. Mimi nadhani alifuata tofali.

Nyoka hana moto wake mwenyewe wa ndani kama kuku, ambaye mwili wake uko karibu nyuzi 41 usiku na mchana. Nyoka huufuata moto ulipo na kuukimbia ukizidi. Mpwa wangu, anayesoma biolojia, alinisimulia uchunguzi wa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2018. Chatu jike huyalinda mayai yake ndani ya shimo bila kula. Mchana hutoka mlangoni kuota jua, na rangi yake huwa nyeusi zaidi katika majira hayo. Mwili ukikaribia nyuzi 40 hurudi ndani, akayazungushia mayai joto alilolibeba. Wana wakitoka, hukaa nao tena kama wiki mbili. Nilimwomba anirudie habari hiyo mbele ya mama mkwe, naye alisikiliza mpaka mwisho, akauliza chatu huyo anapata wapi maji.

Kuna watu Ulaya na Marekani wanaofuga nyoka nyumbani, na walio makini hawapashi sanduku lote. Hupasha upande mmoja, wa pili wakauacha wa baridi, ili mnyama achague. Nakubaliana nao kabisa. Duara langu la mkeka limepangwa vivyo hivyo: chungu upande huu, maji upande ule, katikati nafasi ya kutembea. Ni duara kwa sababu kwenye pembe vifaranga hulaliana usiku, na wa chini hukosa pumzi. Mtu anayefungia vifaranga ndani ya sanduku dogo lenye joto lilelile pande zote amewanyima njia ya kujiokoa, hata kama joto lenyewe ni sahihi. Hili nitamwambia kila anayekuja kuomba vifaranga kwangu, na anayekasirika akasirike.

Nimeziba tundu la ukutani kwa udongo.

Jumamosi
Jua kali baada ya mvua. Chini ya mabati, ilipofika saa saba, vifaranga wote walikuwa ukingoni wakihema. Tumetoa chungu, tumeinua mkeka upande wa mlango, tumebadilisha maji. Mmoja, yule wa mguu dhaifu, hakuinuka tena. Nimehuzunika, kwa kuwa alikuwa ameanza kula vizuri. Watoto wamemzika karibu na mpapai.

Jioni, chungu kiliporudishwa ndani, yaya alitaka tufunge mlango na dirisha, baridi isiingie. Nimekataa. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wazima usingizini, sembuse kifaranga. Dirisha limebaki wazi kiganja kimoja na tumesogeza mkeka mbali nalo.

Jumapili
Shemeji amefika kwa baiskeli na matofali manne kutoka kwenye tanuru lake. Moja lilivunjika njiani, karibu na soko, na vipande amevileta pia. Mpwa anarudi Kindu, nimemchorea kipimajoto cha ukutani kwenye karatasi, chenye namba kuanzia sifuri. Wiki ya pili inaanza, nyuzi zinashuka, kwa hiyo chungu kimepumzishwa. Matofali mawili yako motoni, moja liko chini ya makapi, na yaya amechukua vile vipande kutuliza meza yake inayoyumba.