Kesi ya Kurabu

Kurabu wana historia wanayopenda kuisimulia wakiwa wamevimbisha vifua. Miaka ya 1890, Waingereza walipokwisha kuitia Zanzibar mkononi, walishindwa na taka za mji wakaagiza kunguru kutoka India, ndio hawa kurabu, waje wazile. Kunguru wakaja kwa meli, wamelipiwa nauli. Hakuna ndege mwingine wa Pwani anayeweza kusema aliitwa. Haikupita miaka thelathini wenye kuagiza wakaanza kuwaona wasumbufu, ila hapo msimulizi wa kikurabu hukohoa akaruka ukurasa. Mwaka 1947 wakaonekana Mombasa, na tangu hapo hakuna paa la Changamwe wala mnazi wa Likoni uliopata alfajiri ya utulivu.

Kesi ninayoieleza ilisikilizwa Mwakirunge, mwaka 2024, nami niliipata kwa punda.

Mwakirunge iko Kisauni, na ndiko malori yanakomwaga taka za Mombasa. Kwa kurabu ni makao makuu. Asubuhi hiyo aliingia Mnana, ndege wa kukaa kiganjani, akasema mayai yake matatu yameliwa na kiota kimeraruliwa. Mshtakiwa alikuwa kurabu kijana wa Likoni, anayevuka Kilindini juu ya paa la feri, na akiulizwa nauli hujibu kwamba hata waendao kwa miguu hawalipi. Hakukana.

"Nimekula. Yalikuwa matamu. Kosa liko wapi?"

Kitini alikuwapo Kurabu Mkuu wa Changamwe, mzee ambaye kiota chake kimesukwa kwa nyaya za kuokota kando ya reli. Alijikuna shingo, kisha akatoa kanuni yake.

"Jema ni lile aliloamuru mwenye amri. Baya ni lile alilokataza. Mengine ni kelele. Babu zetu waliletwa kwa amri, na amri ilisema kuleni."

"Ilisema kuleni taka," Mnana akajibu.

"Mama, yai lisiloanguliwa ni nini kama si taka ya kesho?"

Mbawa zikapigwa jaa zima. Mkuu akanogewa. Kwa kuwa analala baina ya msikiti na kanisa, na hula majikoni kwa wote wawili, alichota dalili kwa wote wawili pia. Je, si kunguru aliyemfundisha mwana wa Adamu kumzika ndugu yake? Je, si kunguru waliompelekea nabii Eliya mkate na nyama kule kijito cha Kerithi? Mungu aliyewakabidhi chakula cha nabii atawanyima mayai ya mnana?

Hapo kuku mmoja wa Mtopanga, mfiwa wa vifaranga, akainua shingo. "Sheikh, mbona hukuifikia hadithi ya wanyama watano? Wale ambao Mtume ameruhusu wauawe hata ndani ya Haram ya Makka? Kunguru si mmoja wao?"

Mwewe, ambaye naye yumo katika watano hao, alianza kulitazama lori kwa makini sana. Panya hakuonekana tena.

"Yako mapokezi," Mkuu akasema bila kupepesa, "yanayomtaja kunguru mwenye baka." Akamnyooshea mdomo kunguru mwenyeji, yule wa kifua cheupe. "Mwenye baka ni nani hapa?"

"Mimi nilikuwa nchi hii kabla babu yako hajapandishwa meli!" mwenyeji akafoka, na kikao kikavurugika hadi lori la pili lilipomwaga mzigo.

Nimehudhuria vikao vya wasio na manyoya vilivyokwenda hivyo hivyo. Mtu huijaribu aya moja baada ya nyingine kama mwenye fungu la funguo za wizi, na ikipatikana inayofungua kabati la jirani, anamshukuru Mungu. Kinachonishangaza ni kwamba shukrani yenyewe huwa ya kweli.

Walipotulia tena, kijana wa Likoni akaomba kujitetea.

"Wazee wangu, mnajichosha. Kila mti na ada yake. Likoni tunakula mayai. Changamwe mnakula vifaranga. Mnana mwenyewe anakula mpunga wa watu na hajawahi kumwita ndugu yake mwizi. Yeye hakupenda, mimi nilipenda. Mizani ya tatu iko wapi?"

Vijana wakampenda papo hapo, maana hoja hiyo iliwaondoa chini ya Mkuu bila kuwaweka chini ya mwingine. Wala si hoja ya kudharauliwa. Aliyepanga chumba Kisauni, kwenye nyumba ambayo huyu Mdigo, huyu Mjaluo, huyu Mbajuni, huyu Mkamba, na choo ni kimoja, anajua kwamba aibu ya chumba cha kwanza ni sherehe ya chumba cha nne. Mavazi, vyakula, namna ya kulia matanga, nani amwamkie nani kwanza. Mwenye kudai kuwa ada ya chumba chake imeshuka kutoka mbinguni huleta ugomvi hata kwenye foleni ya maji. Kwa hayo, kijana alikuwa sawa. Lakini aliyaweka mayai ya Mnana kwenye kapu moja na mitindo ya kufunga leso, akitumai hakuna atakayechungulia ndani.

Hajamaliza, akatua mjumbe anahema. Tumbili amepanda mwembe kule Likoni. Kiota cha kijana kimeingiliwa. Mayai yote yamekwenda.

"Dhulma!" kijana akalia, mbawa zimemlegea. "Jamani, hii ni dhulma!"

"Kwa tumbili ni chakula cha asubuhi," Mnana akasema. "Kila mti na ada yake, mwanangu."

"Lakini hayakumkosea mtu! Yale mayai hayakumkosea—"

Akanyamaza hapo. Mnana naye hakumwongezea neno. Sijui kama ingekuwa mimi ningeweza kujizuia hivyo.

Ndipo punda akaombwa rai, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akifungwa na mkokoteni wake wa maji nje ya madrasa moja ya Kisauni, na darsa zilimfikia dirishani akitaka asitake.

"Hili waliosoma walilivutania Basra zaidi ya miaka elfu moja iliyopita," alisema. "Wako waliokuwa wakiitwa Mu'tazila. Wao walisema ubaya wa dhulma akili inauona yenyewe, na Mungu hadhulumu kwa kuwa dhulma ni mbaya. Al-Ash'ari alikuwa mwenzao, kisha akawatoka. Akasema jambo huwa jema kwa kuwa Mungu ameliamuru, na nani wewe wa kumwekea Mungu sheria? Huyo ndiye wanazuoni wetu wengi wa Pwani wanayemfuata. Mimi ni punda, sina madhehebu. Nimeona mambo mawili tu. Mwalimu aliyemtetea al-Ash'ari kwa ukali, siku muuza maji alipompunja, hakufungua kitabu kwanza. Alipiga kelele pale pale. Na mwenye mkokoteni wangu, ambaye yeye husema akili inamtosha, akili yake kila asubuhi huona kwamba naweza kuongezwa mitungi miwili."

"Kwa hiyo uko upande gani?" Mkuu akauliza.

"Upande wa mgongo wangu. Unaniuma, na ulikuwa ukiuma kabla sijasikia darsa lolote. Lakini kila anayepima mzigo wangu ana faida yake ndani ya mzigo. Mimi namtaka Mungu awepo kwa sababu Yeye hauzi maji."

Hayo hayakushangiliwa. Jaa lilikuwa na njaa na hukumu ilikuwa inakawia. Mkuu alikuwa amekwisha fungua mdomo kumwachilia mshtakiwa alipofika kwenzi mmoja kutoka mahoteli ya Bamburi, mbio mbio, mwenye habari.

Amri imetoka. Shirika la Wanyamapori la Kenya linataka kuangamiza kurabu milioni moja wa Pwani kabla mwaka haujaisha. Sumu ambayo kwa muda mrefu haikuruhusiwa kuingizwa nchini imeruhusiwa. Itatiwa kwenye nyama. Kwanza watawekewa nyama safi wazoee, halafu yenye dawa. Anayekula haoni kitu kwa masaa, huruka akarudi kwake kulala, na hapo ndipo hufa. Sisemi kwamba wenye amri wamekosea. Waulizeni ndege wadogo walivyobaki wachache, au wafugaji wa kuku. Nasema tu kwamba kazi ya kurabu haikubadilika tangu siku waliyolipiwa nauli: walikuwa wakila, na bado wanakula.

"Haki iko wapi?" Mkuu akapaaza sauti. "Sisi ni wageni walioitwa!"

"Mzee," Mnana akasema kwa adabu, "jema ni lile aliloamuru mwenye amri."

"Hii si amri ya haki."

Mnana akamgeukia karani. "Andika, baba. Mzee amesema kuna amri isiyo ya haki."

"Usiandike!"

"Niandike nini basi?" karani akauliza. "Kwamba ni ya haki?"

Mkuu akaagiza iandikwe kuwa kikao kimeahirishwa.

Siku kadhaa nyama safi ilimwagwa kando ya ua wa jaa, isiyo na mfupa, na kurabu wakasema serikali imejuta. Kisha asubuhi moja zikaja ndoo mbili. Mnana, ambaye nyama si chakula chake, alikuwa juu ya waya akivuta nyuzi za kiota kipya, akamwona mtu aliyevaa glavu akichanganya kitu kwenye ndoo nyekundu. Chini yake walikuwa wamejipanga Mkuu, karani, na kijana wa Likoni aliyemlia watoto. Hapakuwa na amri yoyote inayomhusu Mnana. Sheria ilikuwa upande wake, hesabu ya mayai ilikuwa upande wake, na kunyamaza kusingemgharimu hata unyoya.

"Ya ndoo nyekundu msiile," akasema.

Kijana akarudi nyuma hatua mbili, kisha akapaa, akashika njia ya Likoni.

Mkuu alibaki amemkodolea Mnana macho. "Nani amekuamuru utwambie?"

"Hakuna. Nimeiona ndoo, na Mungu ameniona nikiiona."

"Hakuna aliyekuamuru," Mkuu akarudia, akimkonyeza karani kama aliyekamata hila mapema. Ndege mdogo, tena mwenye kisasi, anatoa nasaha ambayo hakutumwa na yeyote? Akasogea kwenye ndoo nyekundu, akala vipande vinne, na kwa mujibu wa punda aliisifu sana nyama kwa ulaini wake.