YAH: Malimbikizo ya Vijakazi 12 wa Ithaka

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Miungu, Mlima Olympus.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwandishi wa barua hii anafahamu kuwa Baraza lina shughuli nyingi. Mwaka 2005 Margaret Atwood aliwasemesha vijakazi wa Penelope, mke wa Odysseus. Mwaka 2017 Emily Wilson akaitafsiri Odyssey bila matusi ambayo baadhi ya watafsiri waliomtangulia waliwabandika. Ofisi yenu bado haijajibu.

Ombi la kwanza ni fedha. Wachumba 108 waliomtaka Penelope waliuawa ukumbini, kisha wanawake 12 wakaamriwa kuzitoa maiti nje na kuosha meza na viti kwa maji na sponji. Gawanyeni wenyewe: maiti 9 kwa kila kijakazi, tena za vijana waliokuwa wamekula nguruwe na divai ya bure kwa zaidi ya miaka mitatu, kwa hiyo si wepesi. Walipwe saa za ziada, posho ya mazingira magumu na fidia ya glavu ambazo hawakupewa. Na kwa kuwa usafi ulipokwisha tu Telemachus, mwana wa Odysseus, aliwanyonga kwa kamba ya merikebu, walipwe pia mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Hundi ziandikwe kwa majina. Hapo mhasibu atakwama: Homer alikumbuka kutaja jina la mbwa, Argos, lakini ukimwacha Melantho, vijakazi hawa hawana majina.

Kosa lao, eti, walilala na wachumba. Odysseus mwenyewe, upinde mkononi, aliwashutumu wachumba kwa kuwalazimisha vijakazi wake. Alijua! Alijua, na bado akaamuru wauawe. Athena, mjumbe wenu, alikuwa nyumba hiyohiyo. Mtumwa akatae vipi? Akamshtaki nani, kwa nani?

Samahani, waheshimiwa. Turudi kwenye maombi.

Wapo na wengine wanaodai: Medusa arudishiwe nywele zake zilizogeuzwa nyoka, maana hata Ovid anakiri kuwa mungu wa bahari ndiye aliyemnajisi hekaluni. Callisto avuliwe udubu. Apollo amwombe radhi Cassandra, aliyemlaani asiaminiwe, kwa maandishi.

Ndugu za wachumba walipokuja na silaha kudai damu, Athena alishuka kusuluhisha. Roho za wachumba zilisindikizwa kuzimu na Hermes. Vijakazi hawakupata msuluhishi wala msindikizaji. Mwandishi anaomba walipwe kabla Odysseus hajajadiliwa tena.

Nakala: Hermes, anayeijua njia, azipeleke hundi.