Saint-Émilion Hakuna Bajaji

Shangazi yangu analima zabibu Hombolo, nje kidogo ya Dodoma mjini. Aliposikia nakwenda Bordeaux kwenye semina ya siku nne, alinipa agizo moja tu: nikaone wakulima wenzake wanavyofanya, nipige picha. Gari sikuwa nalo, leseni yangu ilikuwa imeisha muda, na kule wanaendesha upande wa kulia. Nikajipa moyo. Mtu aliyegombania daladala tangu darasa la tatu atashindwa na tramu?

Tramu ya kwanza ilinishinda. Ilisimama mlango ukiwa puani kwangu, nami nikangoja ufunguke. Haukufunguka. Abiria wakanitazama, nikawatazama, kisha ikaondoka nao. Kumbe mlangoni pana kitufe. Usipokibonyeza, wao wanadhani umekuja kupunga upepo.

Jioni mshiriki mmoja wa semina alinieleza jambo ambalo afadhali angelinyamazia. Tramu za Bordeaux zilianza mwaka 2003, na katikati ya mji hazina nyaya juu, ili sura ya majengo ya kale isiharibike. Umeme unatoka kwenye reli ya tatu iliyolazwa chini, katikati ya njia. Aliendelea kueleza kwamba kinachopata umeme ni kipande kilichofunikwa na tramu tu, lakini hapo mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza. Kesho yake, mbele ya Grand Théâtre, niliivuka ile njia kwa kuruka kama mtu anayekwepa siafu, begi kichwani. Bibi mmoja mwenye kijibwa alisimama kunitazama, kisha akavuka taratibu. Kijibwa chenyewe kiliketi juu ya reli, kikajikuna sikio.

Siku ya tatu akapanda mkaguzi. Alinisalimia kwanza, bonjour, kwa upole, nami niliyelelewa kwa shikamoo nikaona huyu ni mtu wa watu. Nikamtolea tiketi yangu, mpya, haina hata kunyanzi. Tatizo likawa hapo hapo. Tiketi inatakiwa kupitishwa kwenye kimashine kila unapopanda, hata ukiwa unabadilisha tu tramu ndani ya saa yako moja. Nilijitetea kwamba kwetu konda ndiye anayemtafuta abiria, abiria hamtafuti konda. Utetezi huo, kwa Kifaransa changu, sijui ulimfikiaje. Nililipa faini ambayo ingenipeleka Dar es Salaam kwa treni ya umeme na kunirudisha Dodoma, na chenji ikabaki.

Agizo la shangazi nililiweka siku ya mwisho. Kutoka stesheni ya Saint-Jean, treni inakufikisha Saint-Émilion kabla saa moja haijaisha. Safari hiyo niliimudu vizuri: kitufe nilikibonyeza. Nikashuka nikiangaza macho kutafuta bajaji. Hakuna bajaji, hakuna bodaboda, hakuna hata mtu wa kumuuliza. Stesheni iko bondeni, kijiji kiko juu kilimani, na kati yao ni mizabibu mitupu. Nikapanda kwa miguu na viatu vyangu vya semina, mvua ya Februari ikinisindikiza. Vichochoro vya kijijini vimetandazwa mawe, navyo vina mteremko mkali. Kanisa lao maarufu limechongwa ndani ya mwamba, la kustaajabisha kweli, ila mimi nilivutiwa zaidi na benchi.

Picha nilipiga. Kule Februari mizabibu imepukutisha majani yote, vinabaki visiki vyeusi vifupi vimejipanga kama wanafunzi walioadhibiwa. Nikamtumia shangazi kwa WhatsApp. Jibu lilikuja kabla sijakausha miwani.

"Mwanangu, mbona imekauka? Waambie wamwagilie."

Nikamwandikia kwamba huo ni msimu wa baridi, na kwamba kule sheria inawabana wakulima, hawamwagilii mizabibu iliyokomaa kama wapendavyo. Akanyamaza kitambo. Halafu akaja na ujumbe wa sauti, anacheka mpaka anakohoa: yeye Hombolo anavuna mara mbili kwa mwaka, hao wanavuna mara moja, na bado mvinyo wao ndio unaosifiwa dunia nzima?

Treni ya kurudi niliisubiri saa nzima na robo. Soli ya kiatu cha kushoto ilibaki kule kilimani.