Hotuba ya Mtaalamu Bingwa wa Vyuma Kuhusu Usalama Kwenye Mashine

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla ya yote nisahihishe jambo moja kwenye kumbukumbu za mkutano. Mshereheshaji amenikaribisha kwa maneno "mwanachama wetu wa siku nyingi atatusalimu." Sikuja kusalimu. Mtu wa kusalimu havai mkanda wa ngozi wa inchi nne juu ya suti. Nimekuja kutoa mhadhara, nikiwa Mtaalamu Bingwa wa Vyuma, cheo nilichopewa na mtu anayenifahamu vizuri kuliko wote, yaani mimi mwenyewe. (Makofi)

Sifa zangu mnazijua, ila kwa faida ya wageni nitazirudia. Tazameni ile picha ukutani, ya kijana wetu akiinua kombe la mkoa. Mkono unaoonekana nyuma ya bega lake la kushoto, ulioshika chupa ya maji, ni wangu. Chupa ilikuwa yake. Lakini nani aliyeishika asizimie kwa kiu? Mambo haya hayaandikwi magazetini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mada niliyopewa ni usalama wa kunyanyua uzito mkubwa kwenye mashine. Mada nzuri, tutaifikia. Lakini huwezi kuielewa mashine bila kujua ukoo wake. Mwaka 1865, mjini Stockholm, Uswidi, daktari aitwaye Gustav Zander alifungua taasisi yenye mashine za mazoezi, zenye nyenzo na vizani vya kurekebishwa, ili mtu aongezewe uzito kidogo kidogo kadiri anavyopata nguvu. Mnaona? Zaidi ya miaka 150 iliyopita kulikuwa na mtu mkubwa Ulaya aliyefikiri kama mimi. Siku moja nikiyaeleza haya, mwalimu wetu wa hapa jimu, kijana wa cheti tu, akanikatiza: "Mzee, yule alikuwa anatibu watu, na siri yake ilikuwa hiyo kidogo kidogo." Nikamjibu kwamba mimi si mgonjwa. Ni kweli wakati huo nilikuwa nimelala chali sakafuni nikikandwa kwa barafu, lakini hoja hujibiwa kwa hoja. (Kicheko)

Tuje kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu, ambayo wengi wenu mnaifahamu kama mashine yangu, kwa kuwa nikishaikalia hamwezi tena kuipata. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Pale nina rekodi ya kilo 300. Siku hiyo niliita mashahidi: vijana wa gereji ya jirani, na mama lishe, ambaye hadi leo ananidai wali wake ulioungulia jikoni. Nikafunga kamba za viatu mara mbili ili wenye simu wajiandae. Nikapiga ukelele uliosikika kituo cha daladala. Nikasukuma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapo ndipo fitina ilipoanza. Mwalimu alitangaza mbele za watu kwamba vishikio vya usalama vya pembeni sikuvifungua, kwa hiyo toroli la mashine liliinuka upana wa vidole viwili, likarudi kukaa kwenye vizuizi vyake, na mzigo ukabebwa na chuma wala si na mapaja. Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba reli ya mashine ikilala nyuzi 45, miguu husukuma takribani asilimia 70 tu ya uzito uliopakiwa, kwa hiyo kilo zangu 300 zilikuwa kama 210, nazo zilibaki palepale. Hesabu za namna hii ndizo zinazovunja moyo vipaji vya taifa. (Makofi ya mtu mmoja)

Siku nilipovifungua vishikio, niliwaonyesha ufundi. Juu, nikanyoosha magoti mpaka yakakaza kabisa. Mwalimu akapiga kelele: "Usikaze!" Eti goti likifungwa pale juu, misuli ya paja huacha kazi, mzigo wote huangukia kiungo, na goti linaweza kupindia upande ambao Mungu hakulipangia. Basi nikashuka chini mpaka mapaja yakagusa kifua, au yangekigusa kama tumbo lisingetangulia. Akapiga kelele tena: makalio yameinuka kwenye kiti, kiuno kimejikunja, na hapo ndipo pingili za mgongo hubanwa vibaya. Juu kosa, chini kosa! Sasa mtu afanyie wapi? "Katikati, Mzee," akasema. "Na upunguze vyuma." Mimi sikuzaliwa kuwa mtu wa katikati.

Kuhusu pumzi, nina ushahidi wa kisayansi. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipima presha ya wanyanyua vyuma watano kwa mrija mwembamba uliopitishwa ndani ya mshipa wa damu wa mkono. Walipokuwa wakisukuma kwa miguu yote miwili, presha ya mmoja wao ilipita 480 kwa 350. Ya kawaida, kwa watu wa kawaida, ni kama 120 kwa 80. Huyo bwana ndiye ninayemfukuzia. Daktari wa zahanati aliponipima akakuta 170 kwa 105, nami nilikuwa nimekaa tu kwenye benchi nikisubiri foleni, nilimwomba aniandikie cheti cha pongezi. Akaniandikia vidonge. Husuda imeingia hadi kwenye tiba.

Kwa wenye roho nyepesi, utaratibu ni huu: toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudisha, usiibane mpaka macho yatoke. Mimi siufuati kwa sababu za kiufundi. Pumzi yangu ikitoka, tumbo nalo hutoka, na mkanda huu una tundu moja tu lililobaki. (Kicheko)

Mheshimiwa Mwenyekiti, ipo pia mashine ya kuvuta kamba kutoka juu. Pini yake ilipotea, nami nikaigundulia mbadala: msumari wa inchi sita. Ubunifu wa Kiafrika! Ukafanya kazi vizuri mpaka ulipochomoka. Vyuma vikaanguka, na ile fimbo niliyokuwa naivuta, ambayo sasa haikuwa na uzito wowote, ikanitua kisogoni, maana watu wengine huivutia kifuani lakini mimi huivutia nyuma ya shingo, ili wanaonitazama kwa mbele waone uso. Mwalimu anasema pini iwe ya mashine hiyohiyo na iingie hadi mwisho, waya ukaguliwe kama nyuzi zimeanza kukatika, na vidole visipenyezwe kati ya vyuma hata kama vimekwama. Hili la vidole sitalizungumzia. Nimevaa glavu moja leo kwa sababu ya mtindo.

Niwape historia ya mwisho. Ugiriki ya kale, karne ya 6 kabla ya Kristo, alikuwapo Milo wa Croton, bingwa wa mieleka wa Olimpiki. Husimuliwa kwamba alibeba ndama kila siku. Ndama akakua, na nguvu za Milo zikakua naye. Mimi nikaona ni kupoteza muda: kwa nini uanze na ndama ilhali fahali yupo? Mwisho wake nao husimuliwa hivi: alikuwa peke yake porini, akataka kuonyesha nguvu kwa kupasua gogo kwa mikono, gogo likambana, na wanyama wakali wakamla. Wapo wanaotafuta funzo hapo. Mimi ninachokiona ni kwamba hapakuwa na mtu wa kupiga picha.

(Hapa kengele ililia kuashiria kwisha kwa muda wa Mzungumzaji)

Mheshimiwa Mwenyekiti, kengele ya pili bado. Nimeona mkono wa yule mama mtu mzima pale nyuma, anayesukuma kilo 40 polepole, mara kumi na mbili, akizirudisha bila hata chuma kugonga chuma. Ameuliza mtu afanye nini akihisi kivimbe kinenani baada ya kunyanyua. Nimemwambia ngiri ni mada ya faragha, na kwamba fundi nguo wangu analishughulikia suala hilo. Nami nikamuuliza: mama, tangu uanze mazoezi umeumia mara ngapi? Kasema hajaumia. Basi mnaona wenyewe, hana uzoefu.

Namalizia kwa vitendo. Sasa hivi nitawaonyesha kilo 300 halali, vishikio vikiwa wazi. Nahitaji vijana wanne: wawili wa kupakia vyuma, mmoja wa kupiga picha, na Mwalimu, tafadhali, asimame pale pembeni, mkono kwenye kishikio cha usalama, asiondoke hata akiitwa na simu ya nyumbani.

Mpiga picha, huyo wa pembeni asionekane.